Kumtafsiria Bibi Robot Monster

Phil Tucker alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu alipotengeneza filamu ya Robot Monster huko Los Angeles mwaka 1953, na fedha alizokuwa nazo, ambazo kwa kawaida hutajwa kuwa dola 16,000 hivi, hazikutosha kumpatia mgeni wake kutoka sayari nyingine umbo la chuma. Akamwendea George Barrows, mwigizaji aliyemiliki vazi lake mwenyewe la sokwe na aliyekuwa akipata riziki kwa kulivaa katika filamu za watu, akamvika kichwani kofia mfano wa zile za wazamiaji, yenye antena, na roboti likawa limekamilika. Roboti hilo linaitwa Ro-Man. Limekwisha kuwaua wanadamu wote isipokuwa wanane, na makao yake makuu ni pango la Bronson Canyon, lile lile ambalo watazamaji wa televisheni wa miaka ya 1960 walilijua kuwa pango la Batman.

Niliiona filamu hiyo nikiwa mwanafunzi Minneapolis, Marekani, siku ya Sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, katika chumba cha chini cha nyumba ya familia moja kutoka Tanga iliyokuwa ikitukaribisha sisi wanafunzi tusio na pa kwenda shule zinapofungwa. Mji ule una historia yake na filamu za namna hii. Ni katika kituo kidogo cha televisheni cha huko, KTMA, ndipo kilipoanza kipindi cha Mystery Science Theater 3000, siku ya Shukrani ya mwaka 1988, ambamo mtu mmoja na vikaragosi vya roboti huketi mbele ya filamu mbovu na kuisema tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo kwa baadhi ya wenyeji, bata mzinga akishaliwa, kinachofuata ni filamu mbovu, na jirani wa familia ile, mzee mstaafu aliyekuwa amealikwa chakula, alikuja na Robot Monster mkononi kama ambavyo mgeni mwingine angekuja na keki.

Tatizo lilikuwa Bibi. Mama mzazi wa mwenye nyumba alikuwa amekuja kumlea mjukuu aliyezaliwa msimu ule, hakujua neno la Kiingereza, na hakuwa mtu wa kukaa chumbani huku wenzake wakicheka. Akavuta kiti karibu nami, akajifunika khanga magotini, akaniambia, "Haya mwanangu, nambie wanasemaje."

Aliyekulia katika mabanda ya video ya kwetu, au aliyesikiliza kanda zilizobeba sauti ya Lufufu, mtafsiri maarufu wa picha, juu ya sauti za Wachina na Wahindi, anajua kwamba mtafsiri wa picha hafanyi kazi ya kamusi. Anamtambulisha stelingi kabla hajasema lolote, anamkanya adui, anaeleza kilichotokea na mara nyingine kitakachotokea, na pale picha inapopwaya yeye ndiye anayeijaza. Sikuwa nimewahi kuifanya kazi hiyo mbele ya watu. Nilianza kwa adabu, sentensi kwa sentensi, lakini filamu ile haikuniruhusu kuendelea hivyo, maana sehemu kubwa yake haina maneno: Ro-Man anatoka pangoni, anapanda kilima juani kwa taabu, anateremka, anapanda tena, na kamera inamfuata bila haraka yoyote. Nikaona aibu kunyamaza. Nikaanza kumsemea. Nikamwambia Bibi kwamba mjumbe huyu ametoka mbali, posho yake imecheleweshwa, manyoya yanamwasha, na bwana wake anamuuliza kila saa kazi imefikia wapi. Wanafunzi wenzangu waliojua Kiswahili wakaanza kuchangia, mmoja akawa sauti ya bwana mkubwa, na jirani yetu, ambaye hakuelewa hata neno, akacheka kuliko wote kwa sababu alitambua mara moja tulichokuwa tukifanya.

Hapo ndipo nilipoelewa kivutio cha filamu hizi, na maoni yangu hayajabadilika sana tangu siku ile. Filamu iliyotengenezwa kwa ustadi imefungwa pande zote. Mtazamaji amewekewa kila kitu, na kazi yake ni kukaa na kupokea. Robot Monster imejaa nyufa. Ro-Man na mkuu wake, Great Guidance, ni vazi lile lile la sokwe, kiasi kwamba mtu anagombezwa na nafsi yake kwenye kioo. Mijusi mikubwa inayopigana haihusiani na chochote, kwani vipande vyake vilichukuliwa kutoka filamu za zamani zaidi. Mashine ya kuwasiliana na sayari ya nyumbani inatoa mapovu, mapovu ya sabuni kabisa, na waliotengeneza mashine hiyo wametajwa kwa heshima katika majina ya mwanzoni. "Mapovu ya nini?" Bibi aliuliza. Nilimpelekea jirani swali hilo, naye akafikiri kwa dhati, kisha akajibu kwamba filamu yenyewe haielezi. Bibi akaamua kwamba yule mjumbe anafua.

Kisha ikafika sehemu ambayo mashabiki wote huisubiri. Ro-Man amempenda Alice, binti wa profesa, na bwana mkubwa amemwamuru amuue. Anasimama peke yake, sokwe mwenye kichwa cha bati, anainua mikono na kujiuliza ni wapi hasa "sina budi" na "siwezi" vinapokutana. Vijana walianguka kwa kicheko. Nilitafsiri maneno yale jinsi yalivyo, bila kuongeza, kwa kuwa hayakuhitaji nyongeza, na Bibi hakucheka. Akasema, "Kumbe katumwa." Akaniuliza kama huko alikotoka ana watu wake. Ro-Man alipoadhibiwa kwa kushindwa kutii, akauawa na yule yule aliyemtuma, Bibi akapiga paja na kusema kwa hasira ya kweli, "Mjumbe hauawi!"

Nilimfasiria jirani methali ile na maana yake. Akatikisa kichwa na kunieleza jambo ambalo sikulijua: muziki uliokuwa ukisikika ulitungwa na Elmer Bernstein, ambaye wakati ule alikuwa hapati kazi kubwa za studio kwa sababu ya msako wa wanaodhaniwa kuwa wakomunisti, na ambaye baadaye alitunga muziki wa The Magnificent Seven na kushinda Oscar kwa filamu nyingine. Tangu hapo nikausikiliza vizuri. Hauna mzaha hata kidogo. Bernstein amemtungia sokwe yule muziki wa mtu mwenye msiba mkubwa, na Barrows, ndani ya manyoya na joto la California, anaigiza msiba huo kwa mikono na mabega tu, maana uso hana. Bibi alikuwa ametazama kile walichokusudia kukifanya. Sisi tulikuwa tukitazama walichoshindwa. Nadhani raha kamili ya filamu ya aina hii inahitaji macho yote mawili kwa pamoja, na ndiyo maana kuitazama peke yako kunachosha.

Filamu iliisha kwa Ro-Man kutoka pangoni akija mbele, na kurudia hivyo mara tatu, kwa kuwa ilitengenezwa kwa ajili ya miwani ya pande tatu na Tucker hakutaka kuipoteza nafasi hiyo. Mmoja wa vijana akaweka nyingine, ya miaka ya karibuni, iliyofanywa mbovu kwa makusudi, yenye papa wa kompyuta na waigizaji wanaomkonyeza mtazamaji kila baada ya mzaha. Nilijaribu kumtafsiria Bibi, lakini kila nilipotaka kuongeza kitu nilikuta watengenezaji wamekwisha kujicheka wenyewe, na mtafsiri hana pa kuingia. Bibi alivumilia kidogo. Kisha akaomba chai, na akauliza kama yule wa manyoya hana picha nyingine.