Usipange vitu vya nyumba kabla ya kuvichora

Watu wakisikia nachora wanadhani naenda kukaa pale kwenye chanzo cha Nile nichore maji na mitumbwi niuzie watalii, na kweli hapa Jinja hio biashara iko, lakini mimi nachora ndani. Nachora kochi, jerikeni, neti iliyofungwa fundo juu ya kitanda, viatu mlangoni, waya wa ekstensheni unaozunguka ukuta mzima hadi kwa TV. Tunakaa Walukuba kwenye hizi nyumba za zamani za wafanyakazi, chumba sio kikubwa, ukikaa pembeni unaona vyote, basi nisafiri kwenda wapi tena.

Kitu cha kwanza nawaambia wanaoniuliza: usipange vitu. Ukipanga unachora sebule ya kungojea wageni, kila kitu kimenyooka na hakuna mtu anaishi humo. Mama mwanzoni alikuwa anakimbia kuondoa sufuria, "wewe mwanangu, hio haijasuguliwa, unataka watu waione hivyo?" nikamwambia mama masizi ndio kitu kitamu kuchora kuliko vyote humu ndani. Sa hizi amezoea, ila vitambaa vya kochi bado anavinyoosha akipita, akidhani sioni.

Alafu kuna hili la vifaa. Watu wanauliza ninunue nini, penseli gani, mimi naona swali lenyewe limegeuzwa, manake ukishika kifaa fulani jicho linaanza kutafuta vitu vyake. Nikiwa na biro naona nyuzi tu: neti, mkeka, ukili wa kikapu, grili za dirisha, kile kitambaa cha kufuma juu ya redio. Nikishika makaa hivyo vyote vinapotea naona giza na mwanga, basi. Chumba ni kilekile.

Biro naipenda kuliko zote na sio kwa sababu ni rahisi kupata. Haifutiki, kwa hivyo mstari ukishapiga umepiga, unajifunza kuangalia kwanza, mkono baadaye. Na sio kweli kwamba haina kijivu, ukiigusa karatasi kidogo tu inatoa mstari mwembamba karibu haupo, unarudia juu yake, unakatisha mwingine, polepole kivuli kinajaa. Weka kitambaa karibu upanguse ncha kila mara, wino huwa unajikusanya pale kwenye kigololi alafu unadondosha doa sehemu mbaya kabisa. Yule László Bíró aliyechukua hati ya uvumbuzi mwaka 1938 alikuwa mwandishi wa habari wa Hungaria aliyechoshwa na wino unaochafua karatasi, akafikiria wino mzito unaokauka haraka, na ndio maana ukipitisha kiganja juu ya mchoro wa biro hauchafuki kama wa penseli. Ubaya wake ni jua. Wino mwingi wa biro unapauka, kwa hivyo mchoro usiutundike mkabala na dirisha, ufungie kwenye daftari.

Penseli naitoa kwa ajili ya plastiki. Hebu angalia jerikeni ya njano ya lita 20 ikiwa na maji nusu na mwanga unatoka nyuma yake, utaona mpaka wa maji kwa ndani kama kivuli, juu kweupe chini kumeiva kidogo, na biro haiwezi huo ulaini. HB ya shule inatosha kuanza, ukipata 2B na 4B, zile laini na nyeusi zaidi, ni vizuri. Tofauti yao ni udongo tu, ile njia ya Mfaransa Nicolas-Jacques Conté ya mwaka 1795, wakati vita viliwakatia Wafaransa grafaiti ya Uingereza, akachanganya unga wa grafaiti na udongo wa mfinyanzi akachoma. Udongo ukizidi penseli inakuwa ngumu na hafifu, ukipungua inakuwa laini na nyeusi. Lakini ata ukiwa na 6B usitegemee weusi wa usiku, grafaiti inang'aa, ukiegemeza mchoro kwenye mwanga ile sehemu ulioshindilia inameta.

Weusi wa kweli uko jikoni. Umeme ukikatika na mama amewasha sigiri pale nje ya mlango, ule wekundu unapiga upande mmoja wa sufuria na mengine yote yanamezwa, hapo ni makaa au uache. Ila sio haya ya gunia tunayopikia, nimeyajaribu, ni ya mti mgumu, yanakwaruza karatasi na hayaachi rangi ya kutosha. Tengeneza yako: chukua vijiti vyembamba vikavu, menya ganda, vipange vimebanana ndani ya kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko wa bati, toboa tundu dogo, weka kwenye moto. Moshi utatoka kwenye tundu, ukiisha kabisa toa kopo, na usifungue mpaka lipoe lote, manake hewa ikiingia vingali moto vinawaka vinakuwa majivu. Kufutia tumia mkate, ile nyama nyeupe ya ndani, ifinyange kidogo alafu gusa-gusa, watu walitumia mkate kabla raba hazijakuwepo. Chapati hapana, ina mafuta. Ukimaliza pulizia spreya ya nywele ukiwa umesimama mbali kidogo, dada wa saluni hapa karibu anacheka sana nikienda kuomba yale mabaki ya chini ya kopo, lakini inashika vumbi lisiondoke, japo baada ya muda inaweza kufanya karatasi iwe njano.

Sasa mwanga, hapa ndio nataka tuelewane. Video nyingi za kufundisha zinasema mchoraji atafute dirisha la kaskazini, mwanga wake hautikisiki. Hio ni ya Ulaya, jua lao la mchana liko kusini mwaka mzima, halipigi dirisha hilo. Sisi tuko karibu kabisa juu ya ikweta, kuanzia mwisho wa Machi hadi Septemba jua linapita kaskazini yetu, miezi mingine linapita kusini, kwa hivyo hakuna dirisha la kuaminika, kuna mlango. Saa sita mchana jua liko juu ya bati, haliingii ndani, mwanga unaoingia ni ule uliogonga udongo mwekundu wa uani ukaruka kupitia mlangoni, yaani unatoka chini! Inama uangalie tumbo la meza yako saa saba, lina mwanga kuliko ulivyodhani, na dari karibu na mlango ina wekundu. Wengi wanachora kivuli chini ya meza kwa mazoea bila kuangalia, alafu wanashangaa chumba kwenye karatasi kinaonekana cha nchi nyingine. Jioni nayo haina subira, jua linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja mwaka wote, ukiona kivuli kizuri cha jioni chora kivuli kwanza, kochi litakungoja.

Ule wekundu ndio ulinifikisha kwa kahawa. Koroga kahawa ya unga ile inayoyeyuka, nzito, bila sukari kabisa (sukari utawaita sisimizi na kila mdudu wa Walukuba), tumia brashi yoyote laini. Tabaka moja ni rangi ya ukuta wa zamani, ukiacha ikauke ukaongeza la pili na la tatu unafika hudhurungi ya mbao. Juu yake biro inakaa vizuri ikishakauka. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 itajikunja, ibandike kingo zote na selotepu kwenye ubao kabla hujailowesha, ama tumia karatasi ngumu ya manila.

Nikienda Kampala napitia Nasser Road kwa wachapaji, wale wanakata karatasi kutwa na vipande vya pembeni vinabaki, vingine vizito kweli, ukiongea vizuri unapewa kwa bei ndogo. Vingi ni virefu vyembamba na mwanzoni unaona havifai, lakini kipande kirefu kinaingia chumba chetu kuanzia mlangoni hadi kitandani na ule waya wa ekstensheni wote. Wiki hii nimeanza upande wa mlango, kwa biro. Mama ameshauliza kama kochi litaonekana.