Gangilonga jioni, bila haraka

Iringa mjini, panda mwamba wa Gangilonga, "jiwe linaloongea" kwa Kihehe. Husimuliwa kuwa Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, alilitumia kuwachungulia. Anza saa 11 jioni: Juni jua huzama karibu saa 12 na nusu, na giza huingia upesi. Wanaoteleza wengi huteleza wakishuka, si wakipanda. Kwa hiyo raba zenye meno, ndala ziache nyumbani. Mvua ikinyesha ahirisha, mwamba ukilowa ni sabuni. Sweta ni lazima. Mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na upepo wa juu hauna adabu. Usiende peke yako. Kesho yake zunguka Soko Kuu na mnara wa kumbukumbu ya Vita vya Majimaji. Macho hayalipiwi.