Nilivyofundisha historia ya Tata Steel kwa kipande cha reli

Darasa langu la kuchomelea hapa Voi sasa linaijua historia ya Tata Steel, kampuni ya chuma ya India, na hakuna aliyesinzia. Nasema kwa fahari, maana mara ya kwanza walisinzia kweli.

Ushauri mbaya ulitoka kwa mwenzangu chuoni. "Mwalimu, historia ya kampuni ni miaka tu. Waandikie ubaoni, wanakili, basi." Nikamsikiliza. Nikaandika: 1907, kampuni yaanzishwa India, 1912, mkuo (bonge lililomiminwa) wa kwanza wa chuma cha pua, 1919, Sakchi, mahali pa kiwanda, yaitwa Jamshedpur, 2007, yainunua Corus, kampuni ya chuma ya Ulaya. Nilipogeuka, kijana wa nyuma alikuwa amelalia helmeti yake. Nikauliza kwa nini mji umepewa jina la Jamsetji Tata, mtu aliyefariki 1904, kabla kampuni yenyewe haijazaliwa. Kimya. Iliniudhi sana, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu inayonigusa kuliko zote: mzee alikufa na ndoto yake ya kiwanda cha chuma, mwanawe Dorabji akaibeba.

Jambo moja ndilo lililoniamsha. Mwaka 1919 Lord Chelmsford, mtawala wa Kiingereza kule India, aliishukuru kampuni kwa reli zilizotumika katika Vita vya Kwanza vya Dunia huko Mesopotamia, Misri, Palestina na Afrika Mashariki. Afrika Mashariki! Nami naishi Voi, ambapo njia ya reli ya kwenda Taveta ilijengwa katika vita hivyohivyo. Nikajiambia, lazima nipate kipande cha reli kuukuu nikiweke mezani.

Nikaenda kwa mzee mmoja anayeuza vyuma chakavu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Leo mabomba tena?"

"Leo reli."

Alikuwa nacho kimoja, urefu wa mkono, kilichowahi kuwa nguzo ya zizi la mbuzi. Mia tano na kitu, na wa bodaboda akadai nyongeza kwa uzito wake. Sikubishana.

Sasa sikilizeni, maana hapa wengi huharibu. Ubavuni mwa reli kiwanda huacha herufi zilizoinuka: jina lake, mwaka, wakati mwingine uzito. Kutu huzifunika. Fundi mwenzangu alikuja na grinda tayari mkononi, nikamzuia. Ukipitisha grinda umefuta historia yote kwa sekunde tano! Nilipaka mafuta ya taa, nikaiacha ilale usiku kucha, asubuhi nikapiga brashi ya waya polepole, kwa mkono. Nikajaribu kusugua chaki juu ya herufi; chaki ikaingia kwenye mashimo ya kutu, nikaona weupe tu. Nikafuta, nikaanza upya. Safari hii nilitandika karatasi nyembamba, ile ya kufungia, nikaibana kwa sumaku mbili za spika mbovu isicheze, nikachukua kaa la jikoni nikalilaza ubavu na kulipitisha juu kwa wepesi. Herufi zikatoka moja baada ya nyingine, nyeusi, safi. Ukitumia ncha ya kaa utachana karatasi.

Kiwanda cha Uingereza. 1898.

Moyo ulinishuka. Nilitaka Tata. Nikakaa na karatasi ile mpaka chai ikapoa, ndipo nikaelewa nimepata kitu bora zaidi. Mwaka 1898 reli ya kutoka Mombasa ilikuwa bado inajengwa, na Tata hawakuwa wamefua hata msumari. Reli ilikuwa mali ya Wazungu. Ndiyo maana Sir Frederick Upcott, mkubwa wa shirika la reli India, alithubutu kusema kwamba Tata wakiweza kutengeneza reli za kiwango cha Uingereza, atazila zote, ratili kwa ratili.

Kipindi kilichofuata sikugusa ubao. Nilizungusha kipande kile meza kwa meza, wakasoma wenyewe karatasi ya kaa, kisha nikawapa maneno ya Upcott. Darasa zima likainuka vichwa! Nikawaambia matajiri wa London walikataa kutoa mtaji, Dorabji akarudi Bombay, na mwaka 1907 Wahindi kama 8,000 wakanunua hisa zote ndani ya wiki tatu. Tarehe 16 Februari 1912 mkuo wa kwanza ukatoka. Miaka michache baadaye reli zao zilikuwa zinavuka bahari.

Kisa cha 1924 nilikipa muda mrefu. Bei zilikuwa zimeanguka baada ya vita, fedha za mishahara hazipo. Dorabji akaweka rehani mali yake yote benki, pamoja na almasi ya mkewe Meherbai iitwayo Jubilee, zaidi ya mara mbili ya ukubwa wa Koh-i-Noor, ile almasi mashuhuri ya taji la Uingereza.

"Mwalimu, mke alikubali?" binti mmoja akauliza.

"Na vito vyake vingine alivitoa."

Nilipofika kwa P. N. Bose, mwanajiolojia aliyeandika barua mwaka 1904 kuwaambia Tata kwamba vilima vya Mayurbhanj vimejaa madini ya chuma, kijana yuleyule wa helmeti akanyoosha mkono. "Mwalimu, nyumbani kwetu Kishushe mawe hayo yapo. Tunayakanyaga."

Jumatatu aliingia na jiwe moja begani, kwenye mfuko wa unga. Nikatoa sumaku ileile ya spika nikaisogeza. Iliruka kutoka vidoleni mwangu, ikagonga jiwe na kung'ang'ania. Limekaa sasa kwenye rafu ya karakana kando ya reli ya 1898, na sumaku bado iko juu yake.