IST yenye mikwaruzo

Kwa shilingi milioni 11 nilizokuwa nimejiwekea, nilikusudia kununua Toyota IST ya mkononi yenye injini ya 1NZ, kwa kuwa spea zake ni rahisi kupatikana Kariakoo na mafundi wengi wameizoea. Ya kwanza iling'aa kupita kiasi. Dalali alikuwa ameshaiwasha kabla sijafika, jambo ambalo halikunipendeza kwa kuwa injini iliyokwisha kupata moto inaweza kuficha ubovu wake, na fundi wangu alipofungua kifuniko cha oili alikuta utando mweupe kama maziwa, dalili kwamba huenda maji yanaingia kwenye injini. Tuliondoka. Ya pili ina mikwaruzo mlangoni, lakini iliwaka injini ikiwa ya baridi, bila moshi, na jina lililo kwenye kadi ya gari ni la muuzaji mwenyewe. Nimeichukua, mikwaruzo yake ikiwemo.