Kabla ya kuuliza nyumba ni pesa ngapi, uliza ni gari ngapi

Kila msimu wa graduesheni ukiisha wadogo zangu na marafiki zao wananiuliza swali lile lile, nimepata kazi Nairobi, nitafute nyumba wapi? Wanataka niwatajie mtaa wenye bei poa. Siku hizi nawauliza kwanza, ofisi yako iko wapi na utapanda gari ngapi kufika?

Wacha nieleze. Matatu nyingi za Nairobi zinaishia tao. Ya Rongai inaenda tao, ya Kikuyu inaenda tao, ya Githurai pia. Kwa hivyo ukiishi upande mmoja na kazi iko upande mwingine, mara nyingi lazima uingie katikati ya jiji, ushuke, utembee mpaka steji ingine na upange laini upya. Huo uchovu hakuna mtu hukuambia ukiwa chuo, juu chuo hosteli na darasa ni hapa na hapo.

Nilipomaliza chuo Eldoret, binamu yangu alinikaribisha kwake Rongai, na namshukuru mpaka leo, alinipa kitanda na chakula bila kuuliza nitaondoka lini. Kazi ilikuwa Westlands. Saa kumi na moja asubuhi niko macho, kumi na moja na nusu niko steji nangoja 125, matatu ya kuingia tao, ijae, na ukichelewa kidogo tu unapata Magadi Road imeshashikana mpaka pale inapokutana na Lang'ata Road. Unashuka Railways, unavuka Moi Avenue kwa mguu ukipenya katikati ya watu na mikokoteni, unapanda ya Westlands, na hapo tena jamu ya Museum Hill inakungoja. Unafika ofisini umechoka na hujawasha hata kompyuta.

Na asubuhi ni afadhali. Jioni ndio kuna maneno, haswa mvua ikinyesha. Kuna siku Aprili Railways ilikuwa imejaa pomoni, watu wamejifunika mifuko kichwani, makanga amesimama mlangoni haiti hata abiria, anaangalia tu vile laini imepinda. Halafu akapaza sauti, "Rongai mia mbili, mbili mbele!" Mama mmoja aliyebeba kiondo akamwambia, "Kijana yangu, si asubuhi ulinibeba na mia." Akajibiwa bila hasira yoyote, "Mathe, hiyo ilikuwa asubuhi." Tukasimama hivyo, hakuna anayepanda, tukitegemea atashusha bei, mpaka mwanaume mmoja kutoka nyuma akapita akaingia na laini yote ikamfuata, yule mama pia. Ilinikasirisha na bado inanikasirisha, juu wale watu hawakuwa na njia ingine ya kufika kwao na makanga alijua hivyo vizuri sana. Nauli hapa inafuata mawingu, na anayeumia zaidi ni yule anayeishi mbali.

Sasa fanya hesabu. Tuseme bedsita, ile nyumba ya chumba kimoja, ya Rongai ni 6,500 kwa mwezi, ya Kangemi 9,500. Ukiangalia kodi peke yake unakimbilia Rongai. Lakini gari mbili kwenda na mbili kurudi ni kama 300 kwa siku, mara siku 22 za kazi ni 6,600. Kangemi mpaka Westlands hata ukilipa fifti kwenda na fifti kurudi ni 2,200. Jumla moja ni 13,100, ingine 11,700, na hapo hatujagusa masaa ya kulala. Na siku mfuko umekauka, Kangemi unaweza kutembea, ni Waiyaki Way moja kwa moja.

Sisemi Rongai ni mbaya. Kama ofisi yako iko Nairobi West au popote kando ya Lang'ata Road, Rongai ni gari moja na utaishi vizuri. Kazi ikiwa Ruaraka au Kasarani basi angalia Roysambu, Zimmerman, Githurai, ubaki huko huko Thika Road. Watu wa Mombasa Road wana Expressway, ile barabara ya juu, tangu 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, lakini ni ya kulipia, kwa hivyo usipange maisha yako nayo kabla hujajua matatu yenu inapita juu au chini. Mimi ningekuwa nafanya kazi tao ningefikiria treni ya Syokimau, ile stesheni ilifunguliwa 2012 na treni haijui jamu, shida ni kwamba ikikuacha imekuacha.

Na ukipata nyumba ukaipenda, tafadhali usilipe depoziti Jumapili. Jumapili barabara ziko wazi na kila mtaa unakaa karibu. Rudi Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, simama steji kama mtu anayeenda kazi, angalia ni gari ngapi zinapita zimejaa bila kusimama, nunua chai kwa yule mama wa hapo kando na umuulize mvua ikinyesha watu hulipa ngapi. Yeye hana nyumba ya kukuuzia maneno. Ukitoka hapo ndio uende kwa keateka, yule msimamizi wa ploti, umuulize maji hukuja siku gani.