Nidhamu ya Tahrir

Januari 2011 nilikuwa nauza kava za simu kwenye fremu ya shemeji yangu, Kariakoo, mtaa wa Narung'ombe. Jirani alikuwa na luninga inayoonyesha Al Jazeera kutwa. Nakumbuka sauti kuliko picha: umati wa Uwanja wa Tahrir, Kairo, Misri, ukiimba kitu kimoja kwa mapigo, kama dufu. "Ash-shaab yuriid isqaat an-nizaam." Kiarabu changu ni cha madrasa, cha kusoma bila kuelewa, lakini neno la mwisho nililidaka. Nikaropoka: kumbe hawa wanataka nidhamu iangushwe?

Kijiwe kizima kilicheka, muuza kahawa akaweka dele chini. Mzee mmoja aliyesoma Kairo ujanani, sisi tunamwita Ustadhi, akanisahihisha. "Mwanangu, kwao nizamu ni utawala, mfumo mzima. Siyo fimbo ya mwalimu."

Hilo la fimbo sikulikubali, na bado silikubali. Misri ilikuwa chini ya sheria ya hali ya hatari tangu Rais Sadat alipouawa mwaka 1981. Dharura ya miaka thelathini! Mtoto anazaliwa, anaoa, anapata watoto, dharura haijaisha. Na Mubarak, rais aliyemfuata, alipobanwa alisema angependa kuondoka, ila akiondoka siku ile nchi itaingia kwenye fujo. Mwalimu gani hajawahi kusema hivyo?

Ustadhi alilelewa na Redio Kairo, enzi za miaka ya 1950 ilipokuwa ikitangaza kwa Kiswahili na kuwashambulia Waingereza. Nasser, kiongozi wa Misri enzi hizo, kwake haguswi. Nikimkumbusha kwamba ni Nasser na maofisa wenzake waliofuta vyama vyote mwaka 1953, ananyoosha kidole: "Wakati ule kulikuwa na adui."

"Adui hakosekani, Mzee."

Hapo huwa anakimbilia kauli yake ya akiba, kwamba Mwarabu bila mkono wa chuma hatawaliki. Kauli hiyo inaniudhi, maana wenyewe tulishaambiwa hivyo hivyo na wakoloni. Halafu haifanani na nilichokiona. Mohamed Bouazizi, kule Sidi Bouzid, Tunisia, alikuwa anauza matunda kwa mkokoteni. Desemba 17, 2010 wakamnyang'anya bidhaa na mizani, akaenda kulalamika, hakusikilizwa, akajichoma moto. Pale Kariakoo hakuna machinga aliyehitaji mkalimani wa habari hiyo. Mizani! Ben Ali, rais wao, miaka 23 madarakani, alikimbia Januari 14.

Na Wamisri waliimba pia "aish, hurriyya, adaala igtimaiyya". Aish kwao ni mkate, lakini ndilo neno la maisha, ndimo ilimotoka kuishi yetu. Hurriyya ni uhuru, adaala igtimaiyya ni uadilifu katika jamii. Madai yao yote yamo midomoni mwetu tangu utotoni.

Walikosea wapi? Nadhani walimwangusha mtu, nizamu ikabaki imekaa. Mubarak aliondoka Februari 11, lakini jeshi likabaki na viwanda vyake, hadi vya tambi na saruji. Mwaka 2012 wakamchagua Morsi kuwa rais. Julai 3, 2013 jeshi likamtoa, na mwezi uliofuata mamia ya wafuasi wake wakauawa uwanja wa Rabaa, Kairo, kwa siku moja. Morsi alikuwa na makosa yake, tena mengi, lakini sanduku la kura lilikuwapo la kumtolea. Tunisia ilijikongoja zaidi, mpaka Julai 2021 Rais Kais Saied aliposimamisha bunge. Siku hiyo Ustadhi alinitazama tu, hakusema neno. Nilimlipia kahawa.

Oktoba 29 mwaka 2025, siku yetu ya uchaguzi, intaneti ilizimwa hapa na Dar ikawekewa marufuku ya kutembea usiku. Kesho yake mchana nilipita kwake Magomeni. Alikuwa barazani na redio ya zamani, mfuniko wa betri umefungwa kwa raba, vijana watano wamemzunguka na simu zao mkononi kama vibao.

"Shikamoo Mzee. Kuna nini hewani?"

"Marahaba. Mikwaruzo tu."

"Misri nao walizimiwa hivi hivi," nikamwambia. "Januari 28, 2011."

"Najua," akasema, akaendelea kuzungusha kitufe taratibu, sikio limegusa spika.