Waya wa skana ya marehemu

Skana, yaani redio ndogo ya kusikilizia mawasiliano ya watu wengine, niliinunua dola 35, Jumamosi moja ya mwezi wa sita, mbele ya gereji ya bibi mmoja, mtaa wa nne kutoka kwetu hapa Galesburg, Illinois. Watu wa huku wakihama au wakifiwa hutoa vitu nje, wanabandika vikaratasi vya bei, majirani wanapita wanachagua. Mimi nilikuwa nimefuata ngazi. Ngazi nikakuta imeshauzwa. Wakati nageuka kuondoka nikaona antena fupi nyeusi imechomoza kwenye boksi la taa za Krismasi.

"Hiyo ilikuwa ya mume wangu," bibi akaniambia. "Alikuwa anasikilizia treni."

Hapo nikawa nimekwisha. Mimi ni mtoto wa reli. Nimezaliwa Tabora, pale njia inapogawanyika, moja inakwenda Kigoma na nyingine Mwanza, na baba yangu alikula mshahara wa reli mpaka alipostaafu. Usingizi wangu wa utotoni ulipimwa kwa honi. Nilipoletwa Galesburg na kazi, jambo la kwanza lililonifanya nisiuchukie mji huu wakati wa baridi ni kwamba usiku kucha mabehewa yanagongana kule kwenye uwanja wa BNSF, kampuni ya reli ya mizigo. Mke wangu yeye alilalamika mwezi mzima. Mimi nililala kama niko kwetu.

Basi, nikatoa 35 bila kuomba apunguze.

Ni Uniden BCD396T. Kimo chake ni kama cha simu za zamani zile za kwanza kwanza, inakula betri 3 ndogo za AA, na kwa juu ina kitufe kimoja cha kuzungusha kinachofanya karibu kila kitu. Wakati wake ilikuwa mashine ya heshima, maana ilikuwa inasoma hata mawasiliano ya kidijitali ya polisi na zimamoto, yale ya aina ya P25. Siku hizi idara nyingi zimehamia mfumo mpya zaidi au zimefunga mawasiliano yao kabisa, ndiyo maana skana kama hizi zinaishia kwenye maboksi ya taa za Krismasi. Ila treni za hapa bado zinaongea kwa FM ya kawaida, kwenye masafa ya 160 na 161 MHz, na kwa kazi hiyo skana hii haijazeeka hata siku moja.

Nilipoiwasha ndipo nilipogundua nilichonunua. Mzee alikuwa ameijaza. Kila chaneli ina jina, na majina yenyewe si ya kunakili kutoka popote, ni ya kwake: MENDOTA SUB, OTTUMWA SUB, CHILLI SUB, ambazo ni vipande vya njia za reli, halafu katikati yake unakuta HIM AGAIN, yaani "yeye tena". Nyingine KITCHEN, yaani jikoni. Skana hii inaruhusu herufi 16 tu kwa jina, na kuziandika kwa ile kitufe ya kuzungusha ni adhabu: unazungusha hadi kwenye herufi, unasogea, unazungusha tena. Nilijaribu jina moja tu, ikanichukua dakika nzima. Yeye alikuwa na mamia. Ama alikuwa na subira ya ajabu, ama alikuwa na kompyuta na waya.

Nikaingiwa na hofu. Kuna namna ya kuifuta skana nzima kwa kubonyeza vitufe fulani wakati wa kuiwasha, na mimi ni mtu wa kubonyeza. Nikaamua sitaigusa mpaka niwe nimenakili kila kilichomo kwenye kompyuta. Kwa hiyo nikahitaji waya.

Ubavuni ina tundu dogo lenye pini 4. Ukiliangalia haraka unadhani ni la mini-USB, ule uliokuwa kwenye kamera za zamani. Silo. Nilikuwa na waya za mini-USB tatu kwenye droo na zote nikazijaribu, kana kwamba ya tatu ingekuwa na huruma. Skana za Uniden za baadaye ndizo zilizowekewa mini-USB halisi. Kizazi hiki, yaani 396T hii, BC246T na ndugu zao, kina tundu lake peke yake. Enzi hizo ndani ya boksi uliwekewa waya wenye kichwa kipana cha pini 9 upande wa pili, kile cha kompyuta za mezani za zamani. Baadaye kampuni ikauza waya wa USB ulioitwa USB-1. Huo ndio niliokuwa nautafuta.

Sasa ingia mtandaoni utafute waya wa Uniden. Kila muuzaji anasema wake unaingia. Wa kwanza nilioagiza ulifika na ncha ya duara, kama ya spika za masikioni. Ni waya wa Uniden kweli, ila wa skana nyingine. Nilikuwa nimesoma jina la kampuni nikaacha kusoma namba ya modeli, kosa ambalo fundi simu yeyote wa Kariakoo angenicheka. Dola 14 zikaenda. Wa pili nikauliza kwanza, nikatuma na picha ya tundu. Ukafika baada ya wiki tatu.

"Baba Nuru, umeagiza waya mwingine?" mke wangu akauliza akiwa na bahasha mkononi.

"Ni uleule."

"Uleule wa lini?"

Huu uliingia. Ulitoa mlio mdogo, *tak*, na mimi nikajiona mshindi. Nikauchomeka kwenye kompyuta, nikafungua orodha ya vifaa vya Windows, nikakuta alama ya njano ya hatari. Kando yake, mahali panapotakiwa kuwa na jina la kifaa, palikuwa na tangazo kwa herufi kubwa kwamba PL2303HXA imeacha kutolewa tangu 2012, wasiliana na aliyekuuzia. Sijawahi kuona kifaa kinachojitangazia kifo chake chenyewe.

Hapa inabidi nieleze kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapokata tamaa na kutupa waya mzima. Waya wa namna hii si waya mtupu. Ndani ya kile kichwa cha USB kuna chipu inayotafsiri, maana skana inaongea lugha ya zamani ya herufi mojamoja kwenye mstari mmoja, na USB inaongea lugha yake. PL2303 ni moja ya chipu hizo za kutafsiri. Ilipendwa mno, basi ikaigizwa mno. Mwenye chipu akachoka, akatoa draiva mpya, ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa, inayokataa zile bandia, na katika kusafisha huko akaziacha nje hata zile halisi za toleo la zamani. Kwa hiyo waya wako unaweza kuwa mzima kabisa, na chipu nzima kabisa, ila draiva inakugomea mlangoni.

Dawa yake ni draiva ya zamani. Ile inayojulikana zaidi ni toleo la 3.3.2.105, la mwaka 2008. Unaisakinisha, halafu, na hapa ndipo nilipopoteza jioni nzima, haitoshi. Windows inaendelea kutumia ile mpya kwa sababu ni mpya. Lazima urudi kwenye orodha ya vifaa, ubonyeze kifaa chenye alama ya njano, uchague kusasisha draiva, ukatae isitafute yenyewe, useme utachagua mwenyewe kutoka zilizomo ndani ya kompyuta, ndipo unaonyeshwa zote mbili na wewe unaelekeza kidole kwa ya 2008. Alama ya njano ikatoweka, pakaandikwa COM4, jina la mlango ambao kompyuta imeupa waya. Wiki moja baadaye Windows ilijisasisha usiku na kunirudishia ile mpya, nikarudia tena. Sasa naifanya nimefumba macho.

Kabla ya kuleta programu kubwa nilitaka kujua kama waya unapitisha maneno. Nikafungua PuTTY, programu ya kuandikiana na kifaa moja kwa moja, nikaielekeza kwa COM4, kasi 115200, nikaandika MDL, amri ya kuiuliza skana modeli yake, na kubonyeza Enter. Unapoandika huoni kitu, skrini inabaki nyeusi, kwa sababu skana hairudishi herufi zako. Kimya. Nikaandika tena. Kimya. Nikachomoa, nikapuliza tundu kama tulivyokuwa tukipuliza kaseti, nikachomeka. Kimya. Karibu nimtukane muuzaji, ndipo nikakumbuka kwamba kwenye menyu ya skana kuna mahali pa kuchagua kasi ya mawasiliano. Nikaangalia: mzee alikuwa ameiweka 57600. Nikabadilisha upande wangu, maana upande wake nilikuwa nimeapa sitaugusa. Nikaandika MDL gizani.

MDL,BCD396T

Ndiyo hivyo tu. Uliiuliza jina, imekutajia. Nikamwita mke wangu aje aone. Alikuja, akaangalia, akasema, "Kwani jina lake si limeandikwa hapo mbele?" Kweli limeandikwa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda. Kuna programu ya bure inaitwa FreeSCAN, inazijua skana za kizazi hiki. Ukiiambia isome, skana inaandika kwamba iko chini ya amri ya kompyuta na vitufe vimefungwa, halafu data inaanza kuja taratibu. Weka betri mpya kabla ya kuanza. Mimi sikuweka, zikaishia katikati, nikaanza upya. Awamu ya pili ilifika mwisho na nikahifadhi faili mara tatu, mahali patatu.

Kuyaona majina yote kwa pamoja kwenye kompyuta ni tofauti na kuyaona moja moja yakipita. Unaona jinsi mtu alivyokuwa akifikiri. Chaneli za reli alizipanga kwa njia, kama mtu anayesimama stesheni akiangalia huku na huku. Alikuwa na 457.9375 MHz, masafa ya kile kifaa kinachofungwa kwenye behewa la mwisho kumpelekea dereva habari za breki. Hicho hakiongei, kinakoroma kidogo tu kama panzi, lakini ukikisikia ujue treni iko jirani hata kabla ya honi. Aliipa jina LOOK UP, yaani "inua macho". Na KITCHEN ikawa moja ya masafa 7 ya hali ya hewa ya serikali, yale ya kati ya 162.400 na 162.550.

Watu wa nyumbani wananiuliza kama hili jambo si la kuniletea matatizo, mgeni anasikiliza redio za watu. Kusikiliza mawasiliano ya wazi kunaruhusiwa hapa. Simu za mkononi ndizo mwiko, na skana zinazouzwa tangu 1994 zimezibwa zisizipate. Ila ukivuka kwenda jimbo la Indiana au Kentucky, usitembee na kitu hiki kwenye gari kabla ya kusoma sheria zao kuhusu redio za polisi. Yangu inakaa dirishani.

Nilichapisha ile orodha, kurasa tisa, nikampelekea bibi. Sikujua kama ni adabu au ni kumkumbusha machungu, nikasema bora aamue mwenyewe. Alivaa miwani akasoma amesimama mlangoni. Alipofika KITCHEN akacheka. Kumbe kila asubuhi ile sauti ya hali ya hewa ilikuwa ikilia jikoni wakinywa kahawa, na yeye ndiye aliyekuwa akilalamika. Nikamuuliza HIM AGAIN ni nani. Akatikisa kichwa, hajui, na ilionekana kutokujua kwenyewe kumemfurahisha.

Akanikaribisha ndani, nikamweleza habari za waya, za ncha ya duara, za draiva ya 2008, wiki zote zile. Alinisikiliza vizuri mpaka mwisho. Halafu akavuta droo ya jikoni, chini ya vijiko, akatoa waya mweusi uliokunjwa na bado umefungwa kile kiuzi chake cha dukani: upande mmoja ncha ndogo ya pini 4, upande mwingine kichwa cha pini 9.

"Ni huu?" akaniuliza. "Ungeniambia tu, mwanangu."